Tarifu ya umeme haishushwi na fundi

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nakaa chumba na sebule, nina friji ndogo, runinga na taa. Kila wiki nanunua umeme wa 5,000. Ununuzi wa kwanza wa mwezi napata uniti 9.8, inayofuata napata 14. Jirani yangu kwa hela hiyohiyo anapata karibu 41! Kuna fundi anataka 60,000 anishushe tarifu, anasema ana mtu wake ndani. Nimpe?

JIBU: Marahaba. Usimpe hata mia.

Manunuzi yako yanafika uniti kama 52 kwa mwezi. Tarifu, yaani daraja la bei, ya D1 ndiyo ya bei nafuu, na imewekwa kwa wateja wa majumbani ambao wastani wao hauzidi uniti 75. Maana yake huyo bwana anakuuzia kitu ambacho unaweza kukiomba mwenyewe ofisi ya TANESCO ya eneo lako. Nenda na namba ya mita, waangalie rekodi ya manunuzi yako ya miezi iliyopita.

Hesabu zako hazina wizi. Uko T1, daraja la kawaida, shilingi 292 kwa uniti. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) 1, uniti inafika shilingi 356.24, ndiyo maana 5,000 inakupa 14. Mwanzo wa mwezi inakatwa kwanza kodi ya jengo, 1,500, kwa hiyo umeme unanunuliwa kwa 3,500 iliyobaki. (Kama umepanga, kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mdai.) Jirani yako yuko D1: shilingi 100, na makato yakiingia inakuwa 122. Lakini naye asijisahau, maana akivuka uniti 75 ndani ya mwezi, kila uniti ya ziada ni shilingi 350 kabla ya makato.

Kinachonichosha kila siku ni hii imani kwamba bei inakaa ndani ya mita, na mwenye bisibisi anaweza kuifikia. Mita yako haijui shilingi. Bei inapigiwa hesabu kwenye mfumo wa mauzo kabla zile namba 20 hazijatumwa kwenye simu yako. Mita inapokea uniti na kuzipunguza kadiri unavyotumia, basi. Na bei yenyewe haipangwi na meneja wa wilaya, sembuse fundi. Shirika linapeleka maombi EWURA, inaitishwa taftishi, yaani mkutano wa wazi, wananchi waseme, baraza la watumiaji linatoa hoja zake, kisha linatoka agizo la bei. Hizo 100 na 292 zimetoka kwenye agizo la 2016, lililofuta pia ile ada ya huduma ya 5,520 kwa mwezi. Mwisho wa mwaka huohuo TANESCO iliomba nyongeza ya asilimia 18.19, EWURA ikaridhia kama 8.5, na hata hiyo ikasitishwa na waziri kabla watu hawajaanza kuilipa. Shirika zima lilishindwa kusogeza bei, halafu kishoka, fundi huyu wa mtaani asiye wa shirika, aje aisogeze kwa elfu sitini?

Basi anafanya nini akishalipwa? Anachepusha waya mmoja usipite kwenye mita. Uniti zinaanza kwenda polepole, unafurahi, unamsifia kwa majirani na wao wanamwita. Tarifu yako iko palepale T1, angalia risiti inayofuata utaona uniti zilezile 14. Wakaguzi wakija, akaunti ina jina lako au la mwenye nyumba, na Sheria ya Umeme ya 2008 inakuhesabu wewe mtumiaji. Kishoka simu haipatikani. Sijagusa bado habari ya waya uliokazwa ovyo juu ya dari ya mbao.

Wanaouza tokeni za nusu bei mtandaoni ni walewale, na wanaodai kukufutia bili ya maji kwa kumjua mtu ofisini pia. Malipo halali kwa shirika la umma yana namba ya kumbukumbu ya malipo, hayaendi kwenye simu ya mtu binafsi. Akikuambia tuma kwenye namba yangu, mazungumzo yaishie hapo.

TANESCO wakikukatalia D1, waombe sababu kwa maandishi. Usiporidhika nayo, barua hiyo ndiyo unayoipeleka EWURA pamoja na risiti zako za LUKU, yaani za umeme ulionunua, kwa hiyo usizifute kwenye simu.