Maswali ya wasomaji: Haiki ya siku moja yenye magofu njiani, tunaipangaje?

SWALI: Kaka habari za kazi. Tuko sita, marafiki tu, wawili hawajawahi kutembea umbali mrefu. Tumepata njia ya mashambani ya kilomita 14 hivi, inazunguka na kurudi ilipoanzia, njiani kuna makaburi ya kale, gofu la ngome na daraja la mawe. Vilima vipo ila sio vya kutisha. Mwenzetu anasema kilomita 14 ni saa tatu tu, kwahiyo tulale vizuri tuondoke saa tano asubuhi. Mi nina wasiwasi, nani yuko sahihi?

JIBU: Salama dada. Wewe ndo uko sahihi, na usikubali kushindwa kwenye hili. Saa tatu ni hesabu ya mtu anayetembea barabara ya tambarare, yuko peke yake na hana cha kumsimamisha, wakati nyie mnaenda huko ili msimame.

Iko kanuni ya Mskoti mmoja, William Naismith, aliitoa mwaka 1892 na watu wa milimani bado wanaitumia mpaka leo: kila kilomita 5 hesabu saa zima, alafu kila mita 600 za kupanda ongeza saa zima jingine. Tuseme njia yenu ina mita 450 za kupanda, na hapo namaanisha vilima vyote umevijumlisha, maana wengi wanachukua urefu wa kilele wanatoa pale walipoanzia wanasahau kwamba katikati njia ilishuka ikapanda tena mara tatu. Kilomita 14 ni saa 2 na dakika 48, mita 450 ni dakika 45, tayari ni saa 3 na nusu na hakuna aliyekaa chini hata kufunga kamba ya kiatu. Tena Naismith alipiga hesabu ya watu wenye mazoezi. Kundi lenye wageni wawili mi naongeza nusu yake, tunafika saa 5 na dakika 20. Sasa weka ngome saa zima, makaburi dakika 20, daraja dakika 20, kula dakika 40. Jumla saa 7 na dakika 40. Mkiondoka saa tano asubuhi mnamaliza saa 12 na dakika 40 jioni, na sehemu nyingi hapo giza limeshaingia au linaingia. Mkiondoka saa moja asubuhi mnamaliza kabla ya saa tisa mchana mkiwa na akiba ya kutosha hata mtu akiteguka mguu.

Na msiseme ngome itawachukua dakika kumi. Mi na wenzangu tulishasema hivyo. Tukafika mlangoni tukakuta jiwe la kizingiti limebonyea katikati kama bakuli, limelika kwa miguu ya watu tu, miaka na miaka ya kuingia na kutoka, na kila mmoja wetu akataka kuweka mguu wake pale. Tulikaa karibu saa nzima, na wala sijutii, ila muda huo haukuwa kwenye ratiba, tukashuka mlima gizani na tochi mbili za simu na mwenzetu mmoja akaumia kifundo cha mguu. Siku hizi muda wa magofu nauandika kwanza, wa kutembea unafuata.

Kupima njia kwenye ramani chukua uzi, ulaze juu ya njia uufuatishe kila kona, alafu unyooshe kwenye rula. Ramani ya 1:50,000 sentimita 2 ni kilomita moja. Mistari ya kontua, ile inayoonyesha urefu wa ardhi kwenye ramani, ikibanana ujue hapo ni mlima wa kushika magoti.

Kitu kingine ambacho watu hawakifikirii ni upande wa kuanzia mzunguko. Anzeni na makaburi. Maandishi ya kale yaliyofifia yanasomeka jua likiwa chini linapiga jiwe kwa ubavu, kila mchongo unatupa kivuli chake, ukifika saa sita jua liko utosini unakuta jiwe kama halijaandikwa kitu. Jua likikukatalia mulika tochi kutoka pembeni. Usipake chaki, usikwangue ukungu, jiwe linakwenda nao. Kwenye ngome msipande juu ya kuta hata kama picha itatoka nzuri kiasi gani, chokaa iliyoshika mawe ya juu ikishaliwa na mvua mawe yanakuwa yamekaa tu. Na ulizeni mapema ngome inafunguliwa na kufungwa saa ngapi.

Mengine kwa haraka. Maji hesabu nusu lita kwa kila saa ya kutembea, jua kali ongeza. Viatu viwe vya zamani kidogo, ukisikia kisigino kinawaka simama hapohapo ubandike plasta, usingoje lengelenge. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kutoka maana GPS inafanya kazi bila mtandao ila ramani haijipakui yenyewe porini. Kila mtu tochi na filimbi: ishara ya kuomba msaada milimani ni kupuliza mara 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Anayetembea polepole zaidi awe mbele. Mtu aliyebaki nyumbani aachiwe njia mnayopita na saa ya kurudi, na mkubaliane kabisa saa ya kugeuza, ikifika mnageuza hata kama daraja liko kilomita moja mbele.

SWALI: Shikamoo kaka. Mi nina miaka 19, kwenye gofu moja niliona kigae cha chungu kina nakshi kimelala tu chini. Nikikichukua kuna ubaya gani, si kingekanyagwa tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ubaya upo, na sehemu nyingi ni kosa kisheria. Mtaalamu wa mambo ya kale hasomi kigae peke yake, anasoma kilikuwa wapi, kwenye tabaka gani la udongo, kimelala na nini, ndo anajua hapa palikuwa jikoni au ghala, na watu waliishi lini. Kikiwa kwenye droo yako hayo yote yamepotea, hata ukikirudisha kesho. Kiache kilivyo, weka sarafu pembeni yake ili ukubwa uonekane, piga picha, hifadhi lokesheni kwenye simu alafu hiyo picha na lokesheni mpe anayesimamia eneo.