Tesiti ya pikipiki: nyie mnaojua kuendesha tayari ndo mjiandae zaidi

Vijana wengi wa huku kwetu Mtwara wakinifuata kuuliza habari za leseni wanaanza na maneno yaleyale, "kaka mimi pikipiki najua, nataka leseni tu". Na kweli wanajua, mtu kaanza kuendesha Nanyamba au Tandahimba huko tangu mdogo, kabeba magunia ya korosho kwenye njia ya mchanga mpaka ghalani, balansi utamfundisha nini? Ila kwa nilivyowaona hawa ninaokaa nao kijiweni, wazoefu ndo wanaorudishwa sana siku ya tesiti. Yule ambaye hajawahi kushika klachi anaambiwa fanya hivi anafanya, huyu mzoefu anaambiwa anaitikia ndiyo afande alafu mguu na mkono vinafanya vilivyozoea.

Nianze na breki maana hapo ndo mchanga wetu umetuharibu. Ukijifunzia kwenye mchanga unafundishwa mapema kwamba breki ya mbele usiiguse, na ni sahihi kabisa, kwenye mchanga tairi ya mbele ikijifunga tu inakimbilia pembeni na uko chini. Sasa mtu anaibeba hiyo mpaka lami ya mjini, anaendesha miaka na breki ya mguu peke yake, lever ya mbele hata ikikatika waya hajui. Kwenye lami mambo yamegeuka, ukifunga breki uzito wote unakuja mbele, tairi ya mbele inakandamizwa chini inashika vizuri, ya nyuma inabaki nyepesi, kwa hiyo ukikanyaga ya mguu peke yake kwa nguvu tairi ya nyuma inajifunga inaanza kuchora nyoka barabarani na wala husimami mapema. Ukiambiwa simama hapa kwenye mstari wewe unasimama mbele huko, umeshafeli, na barabarani ingekuwa mtoto anavuka je?

Tafuta kipande cha lami au ardhi ngumu isiyo na watu, asubuhi asubuhi hivi, nenda spidi 20 tu kwanza. Usukani unyooke kabisa, achia resi, gusa ya mguu, alafu ya mbele uiminye kidogo kidogo kama unavyokamua tui, usiikwapue. Utasikia shoku za mbele zinashuka, ukisikia hivyo ongeza kuminya, pikipiki inasimama mpaka unashangaa. Rudia mpaka mkono ufanye wenyewe, alafu nenda 30. Ukifika pale ambapo mchanga umemwagika juu ya lami, na huku kwetu kila njia ya vumbi inayotokea barabara kubwa inamwaga mchanga, hapo punguza mwendo KABLA hujaufikia na si ukiwa juu yake. Na mvua ikianza kunyesha zile dakika za mwanzo lami inateleza sana kwa sababu ya vumbi na oili, hapo breki zote mbili ziguswe taratibu mno.

Kitu cha pili ni mwendo mdogo. Watu wanadhani afande anataka kuona unavyokimbia, kukimbia kila mtu anaweza, resi unavuta tu. Anayekutesti anataka kuona ukizunguka namba nane bila kushusha mguu, ukipita katikati ya koni bila kuzigusa, ukiondoka kwenye kilima bila kurudi nyuma wala kuzimisha. Hapo ndo mzoefu anapokwama maana kazoea kona za mbio na miguu kuitanua pembeni kama yuko njia ya shamba.

Siri yake iko kwenye klachi. Usiiachie yote, usiishike yote, iweke pale inapoanza kuvuta, resi iwe ndogo lakini isiyoyumba, na mguu wa kulia uegemee breki ya nyuma kidogo ili pikipiki itulie. Breki ya mbele kwenye namba nane usiiguse kabisa, usukani ukiwa umekatwa alafu ukaminya ya mbele kwenye mwendo mdogo inakulaza palepale. Alafu macho, jamani macho! Ukiitazama koni utaigonga, tazama pale unapotaka kutokea, geuza kichwa chote na kidevu kielekee huko, pikipiki inafuata. Kwa mazoezi huhitaji koni za kununua, chukua chupa za maji uzijaze mchanga uzipange, anza duara kubwa, ukiizoea zisogeze, ukiizoea tena zisogeze.

Kichwa hichohicho ndo afande anakitazama unapotaka kukata kona au kuingia barabarani. Hawezi kuona mboni zako kwenye helmeti, anachoona ni kichwa kimegeuka au hakijageuka. Tazama saitimira, washa indiketa, geuka utupe jicho juu ya bega la upande unaokwenda, ndo uhame. Ukimaliza kona zima indiketa, maana pikipiki zetu nyingi haizimiki yenyewe na aliye nyuma yako anadhani unakata tena. Na wale mliofungua saitimira mkaziweka ndani naomba mzirudishe leo hii, tangu sasa kwenye mazoezi, kwa sababu kutazama kioo ni tabia na haiji kwa siku moja.

Upande wa alama, usikariri picha moja moja kama mtu anayekariri namba za simu, anza na umbo. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inakutahadharisha kuna kitu mbele, duara yenye ukingo mwekundu inakukataza, duara ya bluu inakuamrisha ufanye. Yenye pembe nane ni simama na ni kusimama kweli tairi zisizunguke, na pembetatu iliyopinduliwa kichwa chini ni toa nafasi. Ukishajua hivyo hata alama usiyowahi kuiona utaijibu nusu. Mimi nilijifunza nikiwa abiria, barabara ya Mtwara kwenda Mikindani kila alama tuliyoipita naitaja kwa sauti na nini natakiwa kufanya, dereva alichoka na mimi lakini zimekaa kichwani mpaka leo. Mstari usiokatika upande wako usiuvuke kupita gari, hata kama lori la mbele linatambaa na wewe una haraka. Kwenye kipilefti, yaani mzunguko wa barabara, wanaotoka kulia kwako ambao wameshaingia ndo wenye njia. Kwenye makazi ya watu mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na 50 si kidogo, kila sekunde unakula kama mita 14, piga hesabu mwenyewe mtu akitokea ghafla nyuma ya bajaji iliyopaki.

Makaratasi nayapitia haraka. Uwe na miaka 18, namba ya NIDA, namba ya TIN, ukate lena, yaani leseni ya kujifunzia, upite chuo cha udereva kinachotambulika, utestiwe na polisi wa usalama barabarani, ukipasi unamalizia TRA kwa picha na alama za vidole. Pikipiki ziko kundi la A lakini ndani yake kuna vijikundi, na ya bajaji si ileile, ulizia mapema chombo chako kinaangukia wapi. Atakuja mtu kukwambia nipe hela nikuletee leseni bila tesiti. Mdogo wangu, usimpe. Hata kama ingekuja iliyo sahihi bado mikono yako ni ileile isiyojua breki ya mbele, na utakayembeba nyuma ni mama wa mtu anakwenda kliniki Ligula.

Siku yenyewe vaa viatu vya kufunika, si ndala. Mkanda wa helmeti ufungwe chini ya kidevu kabla hujapanda, kuna watu wanavaa helmeti mkanda unaning'inia na afande anaona toka mbali. Kama pikipiki si yako uliza gia zake zinaingiaje, kuna zinazoshuka zote mbele na kuna ambazo ya kwanza iko chini zingine unapandisha juu, usije ukalijua hilo ukiwa katikati ya koni. Kabla hujawasha zunguka uitazame, tairi, taa, honi, breki zote, mnyororo usiwe umelegea, hili nalo linatazamwa. Hujasikia maelekezo? Sema afande naomba urudie, hakuna anayekukata kwa hilo. Ikizimika katikati usiruke kupiga kiki kwa presha, shika breki, rudisha frii, washa, tazama nyuma, endelea.

Ukirudishwa usiondoke na hasira, muulize kwa heshima ni kipi hasa umekosea, kiandike hapohapo, na wiki inayofuata fanya hicho peke yake, usirudie tu vile unavyoviweza. Ukipasi, leseni ukishapewa mkononi soma jina lako, tarehe ya kuisha na daraja lililoandikwa kabla hujatoka pale dirishani, kukiwa na herufi imekosewa ni rahisi kurekebisha ukiwa bado umesimama mbele yao.