Sarafu za Mjerumani zilizotoka udongoni zisafishweje?

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu aliazimwa kifaa cha kugundua metali, nasi tukakipitisha katika kihamba chetu huko Marangu, kati ya migomba na mibuni. Tulipata sarafu kadhaa za shaba zenye taji na neno Heller, zilizoota kijani, pamoja na rupia moja ya fedha yenye picha ya mtu aliyevaa kofia ya vita. Bibi anatushauri tuzisugue kwa ndimu na majivu. Je, tufanye hivyo? — Msomaji, Moshi.

JIBU: Ndugu msomaji, tunakusihi usizisugue kabisa. Ushauri wa Bibi unafaa kwa sufuria ya shaba, lakini ndimu haichagui: hula shaba yenyewe pamoja na kutu, na majivu hukwaruza maandishi yaliyobaki. Heller zilianza mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja, na tabaka la kahawia au la kijani kigumu lililojijenga juu yake tangu zilipofukiwa ndilo linalozikinga. Mkusanyaji akiona sarafu ya zama hizo inang'aa kama mpya, hutambua mara moja kuwa imeharibiwa, na bei yake huanguka.

Anza kwa kuzipiga picha na kuandika mahali kila moja ilipotoka. Kisha nunua maji ya betri, ukisoma kibandiko kwa makini, kwa kuwa asidi ya betri nayo huuzwa madukani na haifai hata kidogo. Loweka kila sarafu katika chombo chake, ukibadilisha maji kila siku mpaka udongo ulainike, halafu uondoe mabaki kwa kijiti cha kuchokolea meno na kuikausha kwa kuigandamiza kwa kitambaa cha pamba, bila kusugua. Udongo ukikaidi, sarafu ya shaba inaweza kulowekwa katika mafuta ya zeituni kwa wiki kadhaa, ingawa mafuta hayo huweza kuitia rangi nyeusi zaidi.

Chunguza kijani hicho kwa uangalifu. Kikiwa laini kama unga, kikifutika kwa kidole na kurudi tena, ni dalili ya chumvi za kloraidi zinazoila sarafu kutoka ndani. Itenge na nyingine na uiweke pakavu.

Rupia, ambayo picha yake ni ya Kaisari Wilhelm II, ina takriban asilimia 92 ya fedha, na weusi wake uache ulivyo.

Zihifadhi katika bahasha za karatasi, wala si katika mifuko laini ya plastiki.

Hata hivyo, msiendelee kuchimba kwa sasa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inadai leseni kwa mtu anayechimba kutafuta vitu vya kale, hivyo kaulizeni kwanza kwa maofisa wa Makumbusho ya Taifa walioko katika boma la zamani la Kijerumani mjini Arusha, nanyi mwende na picha mlizopiga.