Mtaa wa watu mchanganyiko: halmashauri ianzie kwenye mgawo

Kazi yangu ya miaka mingi imekuwa maendeleo ya jamii, ndani ya halmashauri, kwenye kata zenye watu wa lugha, dini na asili nyingi. Kila msimu wa bajeti ukifika, pendekezo la kujenga mshikamano huwa lilelile: tuandae tamasha, kila kundi lije na ngoma zake na mavazi yake. Sina ubaya na tamasha. Watu hufurahi kwelikweli. Lakini kesho yake kila mmoja yuko upande wake, na manung'uniko ya juzi yako palepale: "Wale ndio wanaopewa nyumba." "Kwao wamewekewa taa, kwetu giza."

Manung'uniko hayo yasikilizwe vizuri. Anayetajwa ni jirani, ila mwenye kugawa nyumba na taa ni halmashauri. Mgawo usipoeleweka, watu hujitafutia maelezo, na maelezo yaliyo karibu kuliko yote ni dini, kabila au rangi ya yule wa ng'ambo ya barabara. Ndiyo maana nikiulizwa na diwani aanzie wapi, namjibu: anza kuweka mgawo wenu hadharani, halafu ndipo uwaite watu wakae pamoja.

Hadharani maana yake vigezo vya kupata nyumba viandikwe kwa lugha ambazo wakazi wanazisoma, vibandikwe wanapopita, na awepo ofisa wa kuulizwa maswali. Ruzuku za vikundi zitangazwe: nani ameomba, nani amepata, kwa sababu gani. Niliwahi kukaa kwenye mkutano uliochemka kwa sababu mtaa mmoja ulikuwa umetangulia kutengenezewa barabara. Ofisa wa barabara akatundika ramani ukutani, akaonyesha bomba kuu la maji linalopita chini ya mtaa ule na jinsi lilivyokuwa likivuja. Waliokasirika hawakuondoka wakiwa wamefurahi. Waliondoka wakiidai halmashauri tarehe ya zamu yao, na habari za "wale" zikaishia pale.

Uingereza ililiona jambo hili kwa gharama kubwa. Baada ya ghasia za mwaka 2001 kati ya vijana wa asili ya Asia Kusini, Wazungu na polisi katika miji ya Oldham, Burnley na Bradford, jopo la serikali lililoongozwa na Ted Cantle lilikuta jamii zinaishi maisha sambamba: shule zao, kazi zao, ibada zao, bila kukutana. Jopo hilo lilieleza pia kwamba utaratibu wa kufanya maeneo yashindanie fedha za maendeleo ulizidisha chuki, kwa kuwa kila eneo liliona jirani yake amependelewa. Fedha zilizokusudiwa kusaidia zikawa chanzo cha kinyongo.

Mgawo ukishakuwa wazi, ndipo kukutana kunapozaa kitu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza kwamba makundi yanapokutana chuki hupungua ikiwa wahusika wana hadhi sawa, wana lengo moja, wanashirikiana kulifikia, na mamlaka inaunga mkono. Kutazama ngoma ya mwenzako hakutoshi kutimiza hayo. Kupanga naye matumizi ya fedha kunatosha. Mji wa Porto Alegre, Brazili, ulianza bajeti shirikishi mwaka 1989: wakazi wanakaa, wanajadili, wanachagua miradi itakayolipiwa na sehemu ya bajeti ya maendeleo. Halmashauri yoyote inaweza kuanza na fungu dogo la kata moja, kwa sharti kwamba kamati itoke pande zote za mtaa.

Hapo msitarajie amani ya haraka. Katika mradi mmoja wa uwanja wa watoto niliousimamia, wajumbe walianza kwa kukaa makundi makundi, kila kundi likilinda watu wake. Kisha likaja suala la nafasi: vijana walitaka uwanja wa mpira, akina mama wenye watoto wadogo wakataka bembea na uzio, wazee wakataka mabenchi na kimya kuanzia jioni. Mabishano yakawa makali kuliko ya mwanzo. Ila sasa mama wa dini hii alikuwa upande mmoja na mama wa dini ile, wakiwapinga vijana wao wenyewe, na vijana hao nao walikuwa wamechanganyika. Ukiona ugomvi umebadilika sura namna hiyo, usikimbilie kuuzima. Watu wanaobishana kuhusu bembea wameshakubali kwamba uwanja ni wao wote.

Jihadharini na njia ya mkato ya kuongea na viongozi wa jamii peke yao. Wana heshima yao na wanahitajika, lakini mara nyingi ni wanaume, ni watu wazima, na hawawezi kumsemea kijana asiyehudhuria ibada wala mama anayefanya kazi usiku. Mikutano ibadilishiwe saa. Wakalimani walipwe, mtoto asifanywe mkalimani wa mzazi wake mbele ya ofisa. Kwa upande wa uvumi kuhusu kundi fulani, mji wa Barcelona, Hispania, tangu mwaka 2010 imekuwa ikiwafundisha wakazi wa kawaida kuujibu katika mazungumzo ya kila siku, na mimi naona hilo lina nguvu kuliko tangazo la halmashauri, kwa sababu jirani huaminiwa mapema.

Jambo la mwisho, ambalo maofisa wengi hulipuuza: miradi iliyokosa kura wakazi wanapochagua. Wafuateni wenye miradi hiyo kabla matokeo hayajawafikia mitaani. Waelezeni kura zilivyokwenda, ombi lao lilipungukiwa na nini, duru ijayo inafunguliwa lini, na ofisa gani atawasaidia kuliandika upya.