Hakuna aliyenyoosha mkono

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha darasa la sita, wanafunzi 71. Mzazi mmoja analalamika mwanawe ananyang'anywa hela ya maandazi. Nikauliza darasani, "Nani anaonewa?" Kimya. Mwalimu mkuu anataka idadi. Niandike sifuri?
Mwalimu wa darasa, Muheza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sifuri usiandike. Umewauliza mbele ya mbabe wao, ambaye dakika kumi baadaye watakuwa naye uwanjani!

Tumia karatasi zisizo na jina. Nami nilianza hivyo, nikamtuma kiranja azikusanye. Hazijafika ofisini keshazisoma, na jioni mtoto mmoja akapigwa nyuma ya vyoo. Kumbe aliyetajwa ni kiranja mwenyewe. Tangu hapo nakusanya kwa mkono wangu, na watoto wanaweka alama ya vema tu, maana mwandiko wa mtu darasa zima linaujua.

Usiulize "unaonewa?" Kwa wengi kuonewa ni kupigwa, anayefichiwa madaftari au kutengwa kwenye mchezo atajibu hapana. Taja vitendo kimoja kimoja, na uweke muda. Dan Olweus, mtafiti wa uonevu shuleni wa Bergen, Norway, ambaye dodoso lake (karatasi ya maswali) limetumika nchi nyingi, aliuliza kuhusu miezi michache iliyopita: haijatokea, mara moja au mbili, mara mbili au tatu kwa mwezi, mara moja hivi kwa wiki, mara kadhaa kwa wiki. Kwa kawaida anahesabiwa kuwa anaonewa kuanzia yule wa mara mbili au tatu kwa mwezi. Waeleze kwanza kwamba wawili wenye nguvu sawa wakizichapa, huo ni ugomvi. Uonevu ni pale mmoja hawezi kujitetea.

Uliza pia, "Wewe umemfanyia mwenzako?" Wanakiri kuliko unavyodhani. Na uliza ni wapi. Shuleni kwangu alama nyingi ziliangukia foleni ya bomba, saa nne, muda ambao sisi walimu wote tulikuwa tunakunywa chai. Niliona haya.

Muhula ujao rudia karatasi ileile, bila kubadili neno, la sivyo huwezi kulinganisha. Idadi ikipanda, mwalimu mkuu asikufokee. Huenda watoto wameanza kukuamini.

Yule wa maandazi usimngojeze karatasi. Kesho asubuhi zungumza naye, mkiwa wawili tu.