Zamu ya Bibi yako ya kufagia

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliipata Alhamisi. Hadithi ya imani yako, uliyoiandika kwa ajili ya ile video ya darasani, nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, nimekaa juu ya gunia la korosho, maana wewe mwenyewe ulisema hiyo ni ya kusikilizwa, si ya kusomwa. Dakika tatu, picha kumi na mbili, sauti yako, muziki kwa chini. Hilo nimelielewa. Na swali lako nimelielewa: "Baba, nikisema kwamba mwaka wa pili chuoni sikukanyaga kanisani hata Jumapili moja, nitakuwa nimewavunjia heshima wewe na Mama?"

Nitakujibu, lakini niache kwanza nikueleze habari ya kaseti.

Unaijua ile kaseti ya Bibi yako, iliyopigwa siku ya msiba wake mwaka 2009. Ulikuwa mdogo, ila najua unaikumbuka kwa sababu ulijificha chini ya meza uliposikia sauti yake inatoka kwenye redio wakati yeye yuko ndani amelazwa. Usichokijua ni jinsi ilivyorekodiwa, kwa kuwa sijawahi kumwambia mtu, hata mama yako.

Ilikuwa 1996. Nilikuwa nimeuza korosho vizuri nikanunua redio kaseti, na mwalimu wetu wa dini akasema ingefaa shuhuda za wazee zihifadhiwe kabla hawajaondoka. Nikamwambia mama, akakubali mara moja. Betri nilizianika juu ya bati kutwa nzima ili zipate nguvu. Jioni tukakaa barazani, nikabonyeza kitufe chekundu pamoja na kile cha kupigia, yeye akaanza.

Mwanangu, alisimulia! Alichanganya Kimakua na Kiswahili, akaimba kidogo, akawafukuza kuku katikati ya ubatizo wake, akarudi nyuma, akaruka mbele. Akafika kwa mdogo wangu, yule aliyefariki kwa surua kabla ya kutimiza miaka mitatu. Hapo akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia: kwamba baada ya mazishi alikaa miaka miwili bila kuingia kanisani. Jumapili alikuwa anakwenda shamba. Watu wanakwenda kwenye sala, yeye anapita na jembe begani upande wa pili wa barabara, na hakuna aliyemsemesha.

Alivyorudi sasa. Hakuna ndoto, hakuna malaika. Jumamosi moja alikuwa anatoka mtoni na ndoo kichwani, akapita karibu na mlango wa kanisa akaona ile karatasi ya zamu za usafi. Jina lake lilikuwepo. Miaka miwili yote hawakulifuta. Akachungulia ndani, akamkuta shangazi yangu wa Chiungutwa, yule mnayemwita Bibi Mkali, anafagia. Wifi yake! Walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mpaka wa mikorosho, hilo mnalijua wote. Kumbe kila zamu ya mama ilipofika, yeye ndiye aliyekuja kufagia kwa niaba yake, na hakumwambia mtu. Mama akatua ndoo, akachukua ufagio wa pili. Hawakuongea hata neno.

Na mimi nilifanya nini? Alipomaliza, nikamwambia, "Mama, umesema vizuri, ila ile ya miaka miwili tuiache. Ushuhuda unatakiwa ujenge. Na Kimakua punguza, vijana hawataelewa." Nikarudisha kaseti mwanzo. Akasimulia tena juu ya ile ya kwanza. Kuku wakaingilia, nikarudisha. Mara ya tatu akakohoa, nikarudisha. Mara ya nne ikatoka safi, haina kuku, haina kikohozi, haina mtoto aliyekufa. Inaanza "Nilibatizwa" na kumalizikia "Amina", kama mtu anayesoma tangazo la mkutano wa kijiji.

Hiyo ndiyo iliyopigwa msibani. Watu waliitikia Amina kwa adabu. Shangazi wa Chiungutwa alikuwa amekaa mkekani karibu na redio, akaniangalia akasema polepole, "Huyo siye yeye." Mpaka leo neno hilo linanichoma. Yeye peke yake mle ndani ndiye aliyejua kilichotolewa, kwa kuwa yeye mwenyewe alitolewa pamoja nacho.

Sasa turudi kwenye maandishi yako. Umeanza vizuri na Askofu Steere, aliyeanzisha misheni yetu ya Masasi, na mwaka 1876, ila umemtaja askofu peke yake. Hakuja peke yake. Alitoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, wakashuka Lindi, wakapanda kwa miguu wakiwa na nia ya kufika upande wa Ziwa Nyasa, wakaishia hapa Masasi. Askofu akarudi Unguja, wao wakabaki na kulima. Ukiwataja kwa sentensi moja tu itatosha. Na Steere huyohuyo ndiye aliyekuwa anaketi Unguja akiandika ngano kama wenyewe walivyomsimulia. Mgeni kutoka Uingereza aliyaacha maneno ya watu yalivyo, na mimi nikayakata ya mama yangu mzazi.

Huwa nawaambia, mmechoka kunisikia, lakini nitasema tena: imani, chanzo chake ni kusikia. Paulo aliwaandikia hivyo Warumi. Kwa hiyo picha zako kumi na mbili ni nzuri, ile ya mlima wa Mtandi asubuhi imenifurahisha sana, lakini mtu akifumba macho abaki na nini? Abaki na wewe. Pale ulipoandika "imani ni safari yenye milima na mabonde" sikukusikia. Pale ulipoandika kwamba ulikuwa unazima simu Jumapili asubuhi ili nisikupigie kukuuliza somo lilikuwa lipi, hapo nilikusikia. Niliiweka karatasi chini nikatoka nje.

Ndiyo, iliniuma. Sitakuficha. Jumapili zile nilidhani ni mtandao.

Lakini nami nijibishane na nafsi yangu. Mama hakubisha nilipomwambia aiache ile sehemu. Pengine ilimpa nafuu. Kuna mambo mtu husema mara moja barazani, jioni, kwa mwanawe, si kwa kijiji kizima. Hadithi yako itawekwa mahali ambapo mtu yeyote mwenye simu ataifungua, na baadhi yao ni watu wa parokia yetu, na wapo watakaosema mtoto wa fulani ameacha kusali. Hilo si dogo. Mzazi ana haki ya kuliogopa.

Hapana, najidanganya. Haikumpa nafuu. Nilimwona. Nilipomwambia "tuiache" aliitazama mikono yake, akaifuta kwenye kanga kama mtu aliyetoka kumenya muhogo, ilhali haikuwa na kitu. Kisha akasema, "Haya, baba." Aliponiita baba hivyo nilijua amejitoa.

Na kanisa letu lenyewe, je? Mwaka 1882 Wangoni waliivamia misheni ya Masasi, watu wakachukuliwa mateka. Mwaka 1905, wakati wa Majimaji, misheni ikachomwa moto. Mambo hayo tunayafundisha kwenye mafunzo ya kipaimara bila kuona aibu, tunasema kanisa lilianguka likainuka. Kwenye Zaburi wameiacha ya 88 mahali pake, nayo inaanza kwa kilio na inamalizikia gizani, hakuna aliyeiongezea mwisho mzuri. Kwa nini basi miaka miwili ya mwanamke mmoja mwenye jembe ilinitia haya?

Sasa utasema, Baba, hujajibu. Nilikuuliza niweke au nitoe. Mwanangu, jibu linaniwasha ulimini, na ukinisoma vizuri unaliona. Lakini nilishawahi kumwambia mtu wa jina lako aseme nini na aache nini, nikaona kilichobaki. Mara ya pili sifanyi. Mwalimu wenu anataka mahali ambapo hadithi inageuka. Kama hapo pako, utapajua mwenyewe. Kama bado hujageuka, nalo lina namna yake ya kusemwa. Sikuulizi umerudi au hujarudi. Ningependa kujua, lakini sikuulizi.

Kuna jambo moja limebaki, na ndilo lililonifanya niandike usiku huu badala ya kungoja korosho ziishe. Uliomba sauti ya Bibi, hata sekunde chache. Redio yangu ilishakufa, kwa hiyo Jumamosi niliipeleka kaseti kwa fundi pale Masasi mjini aihamishie kwenye simu. Akaipiga, ikafika "Amina", nikanyoosha mkono aizime kama nilivyokuwa naizima miaka yote. Fundi alikuwa ameinama anatafuta chenji. Kaseti ikaendelea. Kimya, mlio kidogo, kisha kuku.

Ile ya kwanza ilikuwa ndefu kuliko ya nne, mwanangu. Mkia wake haukufutwa. Ni kama nusu dakika hivi. Anawafukuza kuku, anakohoa, kisha anasema, "Nikafagia. Kesho yake nikaja kukaa palepale nilipofagia. Haya zima, betri zinakwisha."

Nimekutumia yote kwa WhatsApp, sijakata kitu. Mama yako anakusalimu, anauliza kama unakula. Ukiifungua, usizime kwenye Amina.

Ni mimi baba yako