Re: Tangu nijifungue choo kinaniponyoka, nifanyeje?

Shoga pole sana mwaya, umesema tangu ujifungue ukinyanyua ndoo tu upepo na kinyesi kidogo vinakuponyoka, hadi shughuli za watu hapo Ngamiani huendi tena, sasa hiyo sio laana wala uchafu, ni misuli ya nyonga imelegea au ilichanika wakati wa kusukuma na matibabu yapo. Nenda hospitali ya Bombo hapo Tanga umwambie daktari wazi wazi, usiseme "tumbo" tu maana utapewa dawa za tumbo urudi nazo nyumbani, akupime njia ya haja kubwa kisha uombe upelekwe kwa mtu wa fiziotherapia, yule anayefundisha mazoezi ya misuli.

Zoezi lenyewe: bana njia ya haja kama unazuia upepo mbele ya wakwe, usikaze makalio wala usizuie pumzi, hesabu mpaka 5, achia kabisaa, rudia mara 10, asubuhi mchana jioni, na ubane kabla hujanyanyua ndoo. Jipe miezi 3 hivi usikate tamaa.

Choo kikiwa laini sana kinaponyoka, kikiwa kigumu unajikamua unaumiza misuli upya, ndo maana mtu wa lishe nae anahitajika.

Ila kama choo kinapitia ukeni hiyo yaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya njia ya haja kubwa na uke, mazoezi hayatoshi, wahi hospitali, hospitali ya CCBRT Dar wanaitibu.